Sanamu ya Mzee wa Kengele na Habari ya Vibali

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, afisa mipango miji mstaafu, mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani. Yamepunguzwa kidogo ili yaenee katika kurasa hizi.)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliokaa sakafuni ili wazee wapate viti:

Katika bwalo hili hili nilipata kuadhibiwa kufuta meza wiki nzima kwa kosa la kuzungumza wakati wa chakula. Leo nimeombwa kuzungumza, na meza zimefutwa na wengine. Nashukuru.

Asubuhi tulionyeshwa mfano wa udongo uliofinyangwa na vijana wa klabu ya sanaa. Ni Mzee wa Kengele, nyundo mkononi, na mbele yake kile kipande cha reli kikining'inia. Ninyi vijana hamkumwona mzee yule. Mmemfinyanga kutokana na picha moja iliyofifia na masimulizi yetu, lakini masikio mmeyapatia kabisa. Kengele yake haikuamsha shule tu. Akina mama wa sokoni walibandika chai kwa kengele ile, na wako watu wa mji huu ambao wazazi wao, wakiulizwa mtoto alizaliwa saa ngapi, hujibu "kengele ya pili." Kwa hiyo Umoja umefanya vema kuamua kwamba sanamu isifungiwe ndani ya ua wa shule, bali isimame nje, pale njia panda, mji mzima uione.

Mwenyekiti alipotangaza kwamba itazinduliwa mkutano wa mwakani, mlipiga makofi. Mimi sikupiga, na jirani yangu akanigusa kwa kiwiko akidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nahesabu vikao.

Nimefanya kazi ya mipango miji kwa miaka 35, katika miji minne, hadi nilipostaafu 2018. Maombi ya vioski, vituo vya mafuta, minara na mabango nimeyapitisha kwa mamia. Maombi ya sanamu nayakumbuka yote, kwa sababu yalikuwa machache mno. Watu wengi husimamisha kwanza, kisha huuliza. Naomba niwaeleze habari ya mmoja aliyefanya hivyo. Yumo humu bwaloni, na amenipa ruhusa.

Alikuwa nyuma yangu madarasa mawili hapa shuleni. Baadaye akawa fundi wa kuchomelea, na mwaka 2004 tulikutana katika mji mmoja ambao sitautaja, yeye na karakana yake, mimi na ofisi yangu. Katikati ya kipilefti cha karibu na soko alisimamisha sanamu ya mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Aliiunga kwa springi za malori, minyororo ya baiskeli na mabomba ya zamani, na urefu wake ulipata kama mita 3. Alikuwa amemwuliza mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa hapana ubaya. Alimwuliza diwani, akaambiwa endelea. Siku ya kuizindua diwani alikuja, akanywa soda na kupigwa picha. Barua haikuandikwa hata moja.

Mji uliipenda. Haukupita mwezi makonda wa daladala wakawa wanaita kituo kile "Mama Ndoo." Miezi 9 ilipita. Kisha wahusika wa barabara wakaandika kwamba njia panda ile itapanuliwa, na kila kitu kilichojengwa bila kibali kiondolewe. Nilipekua majalada siku 2. Ningepata karatasi moja tu, hata muhtasari wa kikao cha mtaa wenye sahihi, ningeweza kuandika kwamba sanamu inatambulika na ihamishwe kwa gharama za mradi. Sikupata. Msingi wake ukapakwa X nyekundu kama kibanda cha mkaa. Mkono uliopaka haukuwa wangu, lakini sahihi kwenye notisi ya siku 7 ilikuwa yangu.

Siku ya tano alikuja ofisini. Nilimtajia kifungu cha sheria, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, ulikuwa unapita pale kila siku, miezi tisa. Ungeniambia."

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Sheria niliisimamia sawasawa, na hata leo singeweza kuandika vingine. Lakini nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba sanamu ile haina karatasi. Niliifurahia, nikampitisha mke wangu kuiona, nikanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na aliyeniuliza rasmi. Tingatinga liliipeleka pembeni, na usiku uleule wa vyuma chakavu wakaimaliza. Kituo kinaitwa Mama Ndoo mpaka leo, na abiria wageni wakishuka huangaza macho wakitafuta mama mwenyewe. Wanachokiona ni bango la biashara, na bango hilo lina kibali.

Baada ya hapo nilianza kusoma jinsi wenzetu wa miji mingine walivyohangaika na jambo hili, maana nilitaka kujua kama ni ugonjwa wetu peke yetu. Si wetu peke yetu.

Alikuwapo msanii mzaliwa wa Bulgaria, Christo, na mkewe Jeanne-Claude. Walitaka kutandaza uzio wa kitambaa cheupe, wenye kimo cha mita 5.5 na urefu wa zaidi ya kilomita 39, juu ya vilima vya California mpaka uzame baharini. Uzio ule ulisimama wiki 2 tu, Septemba 1976. Lakini matayarisho yalianza 1972. Iliwabidi kukubaliana na wafugaji 59 wenye ardhi, kuhudhuria vikao 18 vya hadhara, kufika mahakamani mara 3, na kutoa ripoti ya mazingira yenye kurasa 450. Christo alikuwa akisema kwamba mabishano yale nayo ni sehemu ya kazi yenyewe. Nakiri kwamba ombi lile lingefika mezani kwangu ningelirudisha siku hiyohiyo. Hata hivyo wafugaji, ambao mwanzoni wengi wao waliona ni wazimu, mwisho walikwenda vikaoni kuutetea. Kipande cha mwisho cha kuingia baharini, wasanii walikisimamisha kibali chake kikiwa bado katika mabishano. Hapo vijana msiige. Watu hao hao walifikiria kulifunika kwa kitambaa jengo la bunge la Berlin tangu 1971. Walikataliwa mara 3, mpaka wabunge walipopiga kura Februari 1994, 292 wakikubali na 223 wakikataa. Jengo likafunikwa mwaka uliofuata.

Lakini karatasi peke yake haitoshi, na kwa hilo mfano ni New York. Mwaka 1981 serikali kuu ya Marekani ilisimamisha katika uwanja wa ofisi zake kazi ya Richard Serra: ukuta wa chuma uliopinda, urefu mita 36, kimo zaidi ya mita 3 na nusu. Ulikatiza uwanja katikati. Idhini zote zilikuwapo, kwani serikali ndiyo iliyoiagiza kazi hiyo na kuilipia. Wasioulizwa ni makarani waliokuwa wakikatiza uwanja ule kila mchana kwenda kula. Malalamiko yakaanza. Mwaka 1985 kikafanywa kikao cha hadhara cha siku 3, na ingawa wengi wa waliosema pale waliitetea kazi, iliamuliwa iondolewe. Usiku mmoja wa Machi 1989 ilikatwa vipande 3 ikachukuliwa. Mwenzetu alikuwa na watu bila karatasi. Serra alikuwa na karatasi bila watu. Chuma chote kiliondoka.

Na hata anayetoa idhini hadumu. Pale Dar es Salaam, anaposimama Askari wa shaba, Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, na chini ya miguu yake askari Mwafrika akimtazama kwa kumwinukia. Waingereza walipoingia 1916 waliing'oa. Ikaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu, ambako wanafunzi waliiangusha 1968. Mwaka 1927 Waingereza wakaweka mahali palepale askari peke yake, bunduki mkononi, na maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Serikali iliyomweka imekwenda zake, naye yupo. Nadhani amesalia kwa sababu mji uliona ni wa kwake, na kwamba maandishi ya Kiswahili yalimsaidia katika hilo. Kwa hiyo lile pendekezo la jana kwamba majina ya wachangiaji yaandikwe kwa herufi kubwa mbele, na jina la Mzee nyuma, naomba liishie hapohapo lilipoanzia.

Sasa tuje kwetu.

Swali la kwanza ambalo ofisi itauliza si kama sanamu inapendeza. Itauliza ardhi ni ya nani, na pale njia panda jibu si moja. Barabara inayotoka mjini kwenda mkoa wa pili ni barabara kuu, ipo chini ya TANROADS. Ile inayopanda shuleni ni ya mji, na tangu 2017 barabara za namna hiyo ziko chini ya TARURA. Mkienda manispaa peke yake kama zamani, mtazungushwa mpaka viatu viishe. Ule uwanja wenye mwembe ni eneo la wazi, na hilo ndilo la manispaa. Kwa kanuni za 2009, hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ndugu Mwenyekiti anataka Mzee asimame katikati ya makutano, aonekane pande zote. Hapo ni ndani ya hifadhi, palepale yalipomkuta Mama Ndoo. Mimi nasema asimame chini ya mwembe. Mzee mwenyewe alikuwa akipenda kivuli.

Pia mwulize kuna nini chini na juu. Bomba kubwa la maji linapita upande ule, na mkongo wa mawasiliano ulifukiwa miaka ya karibuni kando ya barabara. Waya za TANESCO zinaonekana kwa macho. Kila mmoja wa hao apewe nakala ya barua kabla ya jembe kugusa ardhi. Hilo halichukui muda. Linachukua nauli tu.

Barua yenyewe isianzie kwa Mkurugenzi. Ianzie chini. Nendeni kwenye mkutano wa mtaa, mkiuweka mfano wa udongo mezani, na mzee mmoja au wawili wa soko wanaoikumbuka kengele wasimame waseme. Akitokea wa kupinga, asinyamazishwe. Hoja yake iandikwe na jibu lake liandikwe. Kuna muuza machungwa chini ya mwembe ule, mmemfikiria? Yeye ndiye karani wa New York. Mkimwondoa bila kumwuliza, siku ya kwanza tu ataanika magunia yake juu ya sanamu, na mimi nitamwunga mkono. Mchoro utengenezwe ukiwa na baraza la kukalia kuzunguka msingi, naye abaki na kivuli chake. Ombeni muhtasari wa mkutano, wenye sahihi na muhuri. Kwa muhtasari huo mwende Kamati ya Maendeleo ya Kata, mpate wa pili. Ndipo mwandike kwa Mkurugenzi kupitia kwa Mtendaji wa Kata, Mkuu wa Shule akiwa ametia sahihi. Kwenye YAH msiandike "ombi la msaada." Andikeni "Ombi la kibali cha kusimamisha sanamu katika eneo la wazi," mtaje mtaa na kata. Jalada hufunguliwa kwa maneno ya YAH, na jalada likifunguliwa vibaya hupotea likiwa kabatini.

Wataalamu wakishaipitia itakwenda kamati ya mipango miji na mazingira, kisha baraza la madiwani. Baraza hukaa kila robo mwaka. Mkichelewa siku moja, mmechelewa miezi 3. Ndiyo hesabu niliyokuwa nikiifanya wakati mnapiga makofi: tukianza wiki hii, na pasitokee la kuturudisha nyuma, tunafika mkutano wa mwakani tukihema.

Viambatisho ndivyo vitakavyoamua, na hapa nawaomba vijana wasikilize kwa makini. Mchoro wenye vipimo. Hesabu za msingi zilizotiwa sahihi na mhandisi. Humu bwaloni nimewahesabu wahandisi 4, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kuombwa. Ofisi itataka kujua kama sanamu itahimili upepo, na kama itahimili watoto, ambao ni wazito kuliko upepo. Mtoto akiona kipande cha reli kinaning'inia atakirushia jiwe kisikike. Mimi mwenyewe ningerusha. Jiwe litagonga chuma, litaruka, litampata mpita njia, na kesi itakuwa ya manispaa. Basi kengele ichomelewe isitikisike, au itengenezwe kwa zege. Na reli yenyewe ya asili ibaki hapa shuleni. Ikitoka nje ya ua huu, wa vyuma chakavu wataifikia kabla ya wapiga picha.

La mwisho katika viambatisho ni barua ya utunzaji, ambayo waombaji wengi huisahau, nami nilikuwa nikiitafuta kwanza. Chuma huota kutu. Nani atapaka rangi, kila baada ya miaka mingapi, na fedha zitatoka mfuko gani? Mji ukisha kuhamishwa, ukipanuka, nani ataarifiwa, kwa notisi ya siku ngapi, na sanamu itapelekwa wapi? Muandike kwamba Umoja utapaka kila mwaka wa pili, na kwamba ikilazimika kuhama itarudi ndani ya ua wa shule. Maneno hayo ni mistari 3 tu. Mistari hiyo ingekuwapo kwenye jalada mwaka 2004, Mama Ndoo angekuwa amesimama mahali fulani.

Wapo watakaowanong'oneza kwamba kuna njia fupi, kwamba wanamjua mtu. Sitahubiri. Nawaambia kwa uzoefu tu kwamba kibali cha mdomo huhamishwa pamoja na aliyekitoa. Akipewa uhamisho kwenda mkoa mwingine, kibali chenu kinapanda naye basi.

Na ninyi mliomo maofisini, maana Umoja huu una watu kila ofisi: mkiona kijana anasimamisha kitu kizuri mahali ambapo mnajua hana karatasi, msingoje notisi. Simamisheni gari, mshuke, mmwambie.

Nilikwenda kwa fundi wetu mwezi uliopita kumwomba aifanye kazi hii. Hakukataa. Aliniandalia kiti, akaniagizia chai, akatazama picha ya Mzee kwa muda mrefu, akakumbuka jinsi alivyokuwa akishika nyundo kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo sisi wengine wote tulikuwa tumelisahau. Vijana, katika mfano wenu iko kulia, mrekebishe. Kisha akasema, "Kaka, mashine nitaiwasha siku nitakapouona muhuri. Si kabla." Amekaa pale mstari wa nyuma, anacheka. Ana haki.

Jana jioni nilipima kwa hatua kutoka katikati ya barabara kuu mpaka kwenye shina la mwembe. Ni hatua 45. Lakini hatua zangu za siku hizi hazifiki mita moja, na sina hakika kama tumepita zile mita 30 au tumepungukiwa kidogo. Tukipungukiwa, itabidi TANROADS nao waombwe, na hesabu ya vikao ianze upya. Nimekuja na tepu ya mita 50, ile ya ofisini ambayo niliaga nayo wakanisamehe. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla magari hayajawa mengi, nitakuwa njia panda. Nahitaji vijana wawili wa kushika ncha na mmoja wa kuandika.